Hesabu ya Kutoa

Kwanza yalikuwa mayai kumi na moja.
Ardith aliniambia kwa simu kutoka Calgary,
ulimi bado mzito kwa dawa ya usingizi,
nami nilikuwa kiwandani Skerry Bight,
glavu za mpira hadi viwikoni, nikivunja miguu ya kaa.
Kumi na moja! nikawapigia kelele wenzangu wa mstari,
nao wakagonga meza ya bati kwa visu.

Kesho yake: tisa yaliyopevuka,
sita yaliyokubali mbegu za Leander.
Siku ya tano, vitatu.
Hapo si mayai tena, ni viinitete,
neno linalojikunyata mdomoni kama lenyewe linaogopa baridi.
Kimoja wakampandikiza. Viwili wakavigandisha.

Hesabu hii ni ya kutoa, kwa maana zote mbili:
unapunguziwa, na unatoa mfukoni.

Kisiwani kwetu Newfoundland mwaka ule kliniki ya namna hiyo haikuwako.
Kadi ya afya iliyonilipia uzazi mara nne,
hata kibofu changu cha nyongo kilichojaa mawe,
ilipofika kwa Ardith ikawa bubu.
Basi tukafanya bingo ukumbini kwa kanisa.
Tukanadi shuka la viraka, likanunuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena.
Leander akauza pikipiki yake ya theluji.
Mama yake akafungua bahasha ya mazishi yake:
Chukueni, akasema, mimi mtanizika kwa mkopo.

Mimba hutungwa. Kama shanga,
kama uongo wa kumwambia mama mkwe.
Lakini hii ilitungwa na watu wanane,
wawili wakiwa wamevaa barakoa,
na mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza jina lake kila mlangoni
asije akapewa wa mtu mwingine.

Brosha ilisema asilimia thelathini na tano.
Juu yake mwanamke amebeba mtoto, jua limewamulika.
Wale sitini na tano hawakupigwa picha.

Siku ya kumi na nne nesi akasoma namba ya damu.
Mbili. Ilitakiwa ianzie mia na kupanda.
Akasema pole, kwa sauti ya mtu
mwenye simu nyingine tisa za kupiga kabla ya chai.

Alikuwa amerudi Jumatano; Alhamisi akawa mstarini,
maana saa za kazi zinahesabiwa, na huzuni haina karatasi ya kusaini.
Bi Philomena akamwambia Mungu atajalia.
Ardith akajibu, bila kuinua kisu,
Mungu naye hana kliniki kisiwani.

Mimi, ambaye wa nne alinijia bila kualikwa
na nikalia wiki nzima kwa hasira,
nilikuwa nimegeuza picha za wanangu kabatini zitazame ukuta.
Aliziona. Akazigeuza moja moja zikatutazama.
Hakusema kitu. Afadhali angenitukana.

Sisi tunaijua barafu. Kaa wetu hulala
nyuzi thelathini chini ya sifuri, masanduku kwa masanduku,
mpaka bei ipande.
Viwili vyake vimelala mbali zaidi, mia moja tisini na sita chini,
mahali ambapo hata wakati umeganda,
ila bili haigandi.
Huja kila Mei, msimu wa kaa unapofunguliwa:
*Hifadhi. Viwili. Mwaka mmoja.*
Chini yake visanduku vitatu:
lipa, toa kwa utafiti, tupa.

Mwaka huu ni wa tatu. Bei ya kaa imeshuka.
Leander amesema tungoje, hakusema tungoje nini.
Wakati wa chai aliilaza bili mezani, kati ya vikombe,
gamba dogo la kaa limemganda kwenye kucha,
akatoa kalamu ile anayoandikia uzito wa masanduku.
Kalamu ilitembea juu ya kisanduku cha tatu. Ilikaa pale.
Kisha ikarudi juu, ikaweka alama.

Una stempu? akaniuliza.
Sikuwa nayo.
King'ora kikalia, tukavaa glavu.